Kabla ya kununua dende, jenga kwanza kizimba na utafute majani makavu

Kabare, Kivu ya Kusini – Wiki hii siandiki juu ya barabara wala juu ya bei ya mafuta. Ninaandika juu ya dende. Wengine wanamwita simbilisi, na watu wa masomo wanamwita kobaye. Najua kuna wenye watacheka: mwandishi mzima amekosa habari mpaka anaandika juu ya mnyama mwenye kutoshea ndani ya kofia! Wacheke. Lakini wapite kwanza kwa akina mama wa Kabare na wa Walungu, wawaulize ni nani alilipa madaftari ya mwezi wa tisa. Wengi watajibu: dende.

Sababu ya kuandika ni hii. Kila mvua inapokaza, napita kwenye nyumba za kwetu na nasikia neno moja: "Wamekufa." Mmoja alikuwa na dende kumi na tano, amebaki na wanne. Mwingine alikuwa na wanane waliotoka kwenye mradi, hana hata mmoja. Wote wanasema ugonjwa umepita. Wengine wanasema ni jicho la jirani.

Mimi maoni yangu ni mengine, na nitayasema wazi hata kama yatauma: wengi wa dende hao hatukuuliwa na jirani. Tunawaua sisi wenyewe, kwa kuwalaza juu ya udongo wenye maji, ndani ya moshi, pamoja na panya. Tunatafuta pesa ya kununua mnyama, lakini hatutafuti nusu siku ya kumtengenezea mahali pa kulala.

Huyu ni mali ya wasio na mali

Vijana waliozaliwa juzi hawakumbuki, lakini wazee wanajua jinsi zizi za hapa kwetu zilivyobaki tupu. Tangu vita vya 1996, na vile vilivyofuata, ng'ombe na mbuzi walichukuliwa na watu wenye silaha, nyumba kwa nyumba. Ng'ombe huwezi kumficha. Mbuzi analia. Dende unamtia ndani ya kikapu, unafunika na kitambaa, unakimbia naye. Ndiyo maana familia nyingi zilianza tena maisha na dende wawili watatu, kisha wakapanda pole pole: dende wakazaa kuku, kuku wakazaa mbuzi.

Tena hana gharama kubwa ya chakula. Anakula majani ya kando ya njia, maganda ya mahindi mabichi, majani ya viazi vitamu, mabaki ya mboga. Jike anabeba mimba siku karibu 68, anazaa wawili, watatu, mara nyingine wanne. Watoto wanatoka na manyoya yao, macho wazi, na baada ya siku chache wanatafuna majani pamoja na mama yao. Wakifikisha wiki tatu unaweza kuwaachisha ziwa.

Na jambo lingine ambalo wanaume hatupendi kulisema: ng'ombe ana mwenyewe, na mara nyingi ni baba. Dende ni wa mama na watoto. Mama akihitaji sabuni, dawa au chumvi, anauza mmoja bila mkutano wa ukoo. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, lakini daftari, kalamu na sare havikutangazwa bure, na sekondari bado inalipwa. Kwa hiyo dende kumi wakifa jikoni si mchezo wa watoto. Ni mtoto anayekaa nyumbani.

Makosa niliyofanya mimi mwenyewe

Mimi si veterineri. Ni mfugaji kama ninyi, na nimepoteza kama ninyi. Acha niseme makosa yangu kwanza, ili mtu asiseme ninawahubiri tu.

Kosa la kwanza: nilifuga kama baba yangu alivyofuga. Dende kumi na tisa walizunguka kwenye sakafu ya jikoni, kati ya mafiga na kuni. Mwezi wa kumi na moja mvua iliingia chini ya ukuta. Udongo ukawa matope, majani waliyokuwa wakila wakawa wakiyalalia na kuyakojolea. Wakaanza kujikunyata wote karibu na moto. Nikaona pua zinatoa maji, macho yameshikana, na usiku nilisikia wanapumua kwa sauti kama mtu mwenye mafua. Katika siku nane nilizika kumi na mmoja.

Kati ya hao kumi na mmoja, watatu niliwaua kwa mkono wangu. Rafiki aliniambia nifungue kapsuli ya amoksisilini ya watu, nimwage ndani ya maji yao. Nilifanya hivyo. Baadaye veterineri mmoja alinishika kichwa. Akanieleza kwamba dawa za jamii ya penisilini ni sumu kwa dende: zinaua vijidudu vyema vya tumboni vinavyomsaidia kusaga majani, kisha vile vibaya vinajaa, mnyama anaharisha na kufa. Tafadhali lishikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote.

Kosa la pili: nilisikia kwamba kizimba ni kizuri, nikajenga kile nilichoona kwa wafugaji wa sungura, chenye sakafu ya waya. Mavi yanaanguka chini, hakuna kazi ya kufagia, nikafurahi. Baada ya miezi miwili wale wakubwa walianza kuchechemea. Niliwageuza nikakuta nyayo zimevimba, zimetoboka vidonda. Nyayo za dende hazina manyoya kama za sungura, ni ngozi tupu. Na watoto waliozaliwa humo, miguu yao iliingia ndani ya matundu ya waya. Mmoja alivunjika.

Kosa la tatu: ili kufunika ule waya, nilikwenda kwa seremala nikajaza mfuko na unga wa mbao, ule mwembamba unaotoka kwenye msumeno. Nilidhani ni laini, watapenda. Walianza kupiga chafya siku ileile. Ule unga unapeperuka, unaingia puani na machoni, na ukilowa mkojo unashikamana kama ugali wa jana.

Wakati huo wote, koko mmoja jirani yangu alikuwa na dende zaidi ya ishirini, na mvua ileile ilimpita. Nilikwenda kumuuliza dawa yake. Alicheka akaniambia: "Mwanangu, dawa gani? Weka mkono wako hapa." Akaingiza mkono wangu chini ya majani ya kizimba chake. Palikuwa pakavu, tena pana joto. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

Kizimba cha namna gani?

Tusidanganyane kwamba kizimba ni jambo la matajiri. Dende hapandi ukuta na haruki juu. Kule Peru, kwenye milima ya Andes ambako mnyama huyu alitoka na ambako bado wanamla, wafugaji wengi wanatumia boma dogo la mita moja na nusu kwa mita moja, lenye ukuta wa sentimita 45 tu. Ndani yake wanakaa dume mmoja na majike saba hadi kumi. Sisi wenye majike watatu au wanne tunaweza kujenga dogo kuliko hilo, lakini tusiwabane kama dagaa. Kwa dende wawili, nafasi ya mita moja kwa sentimita 70 ni mwanzo mzuri. Wakibanana wanapigana, wanang'oana manyoya, na watoto wanakanyagwa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kizimba cha miguu, kilichoinuliwa kufika kwenye goti au kiuno. Miti ya mikaratusi inatosha kwa miguu, na sakafu ni mbao zilizobanana bila nafasi. Ukitumia mianzi iliyopasuliwa, panga sehemu laini juu na usiache pengo la kuingiza mguu. Na mianzi hiyo itoke kwenye shamba la mtu. Isitoke ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, maana hatutaki kufuga dende kwa kuharibu msitu na kutafuta maneno na walinzi. Njia ya pili ni boma la matofali chini, kwa mwenye nafasi ndani ya nyumba. Hapo lazima uinue sakafu kwa kokoto na udongo ulioshindiliwa, iwe juu kuliko nje, ili maji ya mvua yasikuletee yale yaliyonipata.

Katika njia zote mbili, angalia mambo haya.

Kifuniko. Adui wa kwanza wa dende wachanga ni panya. Anakuja usiku, anabeba mtoto mmoja, kesho mwingine, na wewe unasema mama yao amewala. Panya mdogo anapita penye kupita kidole gumba, kwa hiyo waya wa matundu uwe na matundu madogo kuliko hapo. Waya huo ni wa juu na ubavuni, si wa sakafu. Paka, mbwa na kicheche nao wanazuiwa na kifuniko hichohicho. Kwa siafu, simamisha kila mguu wa kizimba ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari.

Hewa. Usifunge kizimba kama sanduku la maiti. Upande wa upepo na mvua uzibe kwa mbao, upande mwingine uwe na waya ili hewa ipite. Mkojo wa dende unatoa harufu kali yenye kuchoma, na ile harufu ndiyo inafungua mlango wa homa ya mapafu. Piga magoti, weka pua yako pale wanapolala. Kama macho yako yanachoma kwa dakika moja, wao wamekaa humo usiku mzima.

Joto na baridi. Hapa kwetu juu usiku ni baridi, lakini tusisahau kwamba dende anaogopa joto pia. Ndugu zetu wa Uvira na uwanda wa Ruzizi, bati lenye jua la saa saba linaweza kumaliza kizimba kizima. Ikipita digrii 30 wanaanza kuteseka. Weka nyasi juu ya bati, au weka kizimba chini ya mti.

Mahali pa kujificha. Dende ni mnyama mwoga, kila kitu kinamla. Mpe chungu kilichovunjika, kikapu kilichogeuzwa, au sanduku lililotobolewa milango miwili. Milango iwe miwili ili mkubwa asimfungie mdogo ndani. Jike mwenye mimba akiwa na mahali pa kujificha anatulia na anazaa vizuri.

Chakula juu, si chini. Funga majani kwa kamba au tengeneza hori la vijiti ubavuni. Majani ukiyatupa sakafuni wanayakojolea kisha wanayala. Na yawe majani mabichi kila siku, kwa sababu dende, kama sisi watu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Asipoipata kwenye majani mabichi anadhoofika, viungo vinamuuma, hata ukimpa pumba nyingi. Majani yaliyolowa umande yaanike kidogo kwanza. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya usiwape kabisa.

Vijana wa mjini Bukavu wanaotafuta kwenye simu wanaonyeshwa vizimba vya plastiki vya hamsta, vyenye gurudumu la kukimbilia. Hivyo si vyetu. Hamsta ni mnyama mwingine: anakaa peke yake, na anataka malalo marefu ya kuchimba mashimo. Dende hachimbi, na gurudumu linamharibu mgongo. Tena dende hapendi upweke. Huko Uswisi sheria tangu 2008 inakataza kumfuga mmoja peke yake. Hapa kwetu hatuhitaji sheria kutuambia hivyo. Nani kati yetu amewahi kupata faida kwa dende mmoja? Na usimchanganye na sungura ndani ya kizimba kimoja. Sungura anaweza kubeba vijidudu vya mapafu bila yeye kuugua, na vikimfikia dende vinamuua.

Malalo ndiyo kazi yenyewe

Kizimba kizuri bila malalo ni kama kitanda cha chuma bila godoro. Na hapa ndipo wengi tunaanguka. Mtu anajenga vizuri, siku ya kwanza anaweka nyasi, kisha anasahau mwezi mzima.

Malalo bora kuliko yote ni nyasi kavu. Zinanyonya maji kiasi, zina joto, na dende akizila hazimdhuru. Zikate wakati wa jua, zianike siku mbili tatu huku ukizigeuza, zifunge ndani ya mifuko na uziweke juu, mbali na sakafu. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane jua ni bure. Mtu anayengoja mwezi wa kumi ndipo atafute nyasi kavu anatafuta kitu ambacho hakipo. Akiba ya malalo inatengenezwa kiangazi, kama akiba ya kuni.

Majani makavu ya ndizi nayo ni mazuri, na hapa Kabare hayanunuliwi. Yapasue vipande vidogo, maana yakiwa mazima yanateleza na maji yanakaa chini yake. Maganda makavu ya mahindi yanafaa hivyohivyo. Maganda ya maharage yapepete kwanza, yana vumbi.

Maranda ya seremala, yaani vile vipande vyembamba vinavyojikunja vinavyotoka kwenye randa, ni mazuri ya kuweka chini, kisha nyasi juu. Lakini uliza ni ya mti gani. Maranda mabichi ya msonobari au ya miti mingine yenye harufu kali yanachoma mapafu. Maranda ya mbao zilizopakwa rangi, vernisi au dawa ya kuzuia wadudu ni sumu. Na ule unga wa msumeno, nimekwisha kusema: mwachie seremala wako.

Wale wa Sange na Luvungi wana maganda ya mpunga tele. Yanaweza kusaidia chini kabisa, lakini hayanyonyi maji vizuri na yana ncha, kwa hiyo juu lazima pawe na nyasi. Magazeti ya zamani nayo yanaweza kukaa chini kabisa. Vitambaa na vipande vya mifuko ya plastiki hapana, watavitafuna.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulaza dende juu ya majani mabichi. Unafikiri umempa chakula na kitanda kwa mara moja. Baada ya siku mbili yale majani ya chini yamepata joto, yameoza, yameota ukungu mweupe. Ukungu huo anauvuta puani na kuula. Majani mabichi ni chakula, majani makavu ni kitanda. Mambo hayo mawili tusiyachanganye.

Malalo yawe na kina cha vidole vinne, na wakati wa mvua ongeza. Kila siku mbili toa sehemu zilizolowa. Huwa ni kona moja au mbili, wanachagua wenyewe. Mara moja kwa wiki toa yote, fagia, acha kizimba kipate jua, weka mapya. Kipimo ni kile cha koko: kila asubuhi ingiza mkono chini ya malalo. Mkono ukitoka na maji, leo ni siku ya kubadilisha, hata kama ulibadilisha jana.

Na yale unayoyatoa si takataka. Malalo yenye mavi na mkojo wa dende, ukiyarundika na kuyafunika mpaka yaoze vizuri, ni mbolea nzuri ya lengalenga, ya vitunguu na ya sombe. Wale tunaofuga jikoni, mbolea hiyo tunaifagia pamoja na majivu na kuitupa njiani, kisha tunalalamika kwamba shamba limechoka.

"Lakini wazee walifuga jikoni"

Ni kweli, na sitawadharau wazee. Jikoni palikuwa na sababu zake. Kuna joto, na mwizi hafiki kwa urahisi. Hata kule Andes familia nyingi zimefuga dende jikoni kwa miaka mingi sana. Lakini wazee wengi walikuwa na jiko kubwa la nyasi, linalopitisha moshi juu, na dende wachache. Leo jiko letu ni bati la mita mbili, ndani yake kuna mafiga, kuni, mtoto mchanga mgongoni, na dende ishirini. Mama anapika fufu akiwa amechuchumaa juu ya mavi. Dende wanaweza kubeba salmonela, na mtoto anayetambaa hapo haulizi kabla ya kutia kidole mdomoni. Wanyama wanavuta moshi, watoto wanakula uchafu, na sote tunaita hiyo desturi.

Kuna jambo lingine. Wakizunguka ovyo jikoni, hujui nani amempanda nani. Jike wa wiki nne au tano anaweza kushika mimba akiwa bado mtoto, na dume wake ni baba yake au ndugu yake. Baada ya miaka michache unashangaa kwa nini dende wako ni wadogo kama panya na watoto wanazaliwa wafu. Kizimba chenye vyumba viwili kinakupa nguvu ya kuamua: wakifikisha wiki tatu, madume wadogo upande huu, majike upande huu. Na dume wa kupandisha unabadilishana na mtu wa kijiji kingine.

Kwa anayeogopa wezi, namwelewa. Ninaishi hapahapa. Basi kizimba kiwe ndani ya nyumba, au kwenye kona ya jiko iliyo mbali na moto, kimeinuliwa na kina malalo. Sisemi lazima kitoke nje. Ninasema dende atoke kwenye udongo na moshi.

Kwa anayesema hana nafasi wala mbao, nitamjibu na kitu tunachokijua wote: likelemba. Akina mama wanachanga kila wiki, mmoja anapokea. Kwa nini wakina mama kumi wasichange mbao, misumari na siku moja ya kazi, kila mwezi kizimba kimoja? Mwaka haujaisha wote kumi wamepata. Vijana wa seremala wanaweza kufanya kazi hiyo kwa malipo ya dende wawili wa uzao wa kwanza.

Neno kwa wenye miradi

Sitataja jina la mtu wala la shirika. Lakini nimehudhuria sherehe za kugawa dende mara nyingi kwa kazi hii yangu ya kuandika. Kuna hotuba, kuna picha, kila mama anaondoka na dende wawili au watatu ndani ya kikapu. Wiki ileile wanyama wanalala juu ya udongo. Nikirudi baada ya msimu wa mvua sikuti sherehe, nakuta vikapu vitupu.

Utafiti tunao. Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika hapa Bukavu pamoja na watafiti wa CIAT walimchunguza mnyama huyu katika Kivu ya Kusini, na kulikuwa na mradi mzima uliounganisha Kameruni na mashariki ya Kongo juu ya ufugaji wake. Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna anayejua. Kinachokosekana ni utaratibu: asipewe mnyama mtu ambaye bado hajaonyesha kizimba na mfuko mmoja wa nyasi kavu. Hilo si kumnyima maskini. Kumpa maskini kitu kitakachokufa mikononi mwake ni kumfundisha kwamba hawezi, na hilo ni baya kuliko kumnyima. Na hesabu ya mradi ifanywe baada ya mwaka mmoja, kwa kuhesabu waliobaki na waliozaliwa. Siku ya picha haitoshi.

Wakuu wetu wa vijiji nao wanaweza kusaidia. Wakati wa salongo, mbali na kufagia barabara, kikundi kinaweza kupita kwa wajane na wazee wasio na nguvu na kuwainulia kizimba. Ni kazi ya saa mbili.

Mimi leo nina dende ishirini na sita, ndani ya vizimba viwili nilivyopiga misumari mwenyewe, tena vimepinda. Sijui kazi ya useremala. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha simu na kutafuta habari, ninaingiza mkono chini ya majani yao. Mkono ukitoka mkavu, najua kwamba binti yangu ataingia sekondari mwezi wa tisa.

Jumamosi hii, kabla hujaenda sokoni kununua dende mwingine, ingia jikoni kwako, chuchumaa, na uangalie wale ulio nao wamelalia nini.